Kishikio cha wembe kisichoshika kutu: Hesabu ambayo fundi wa Mpanda anapaswa kuifanya

KATIKA maduka ya rejareja ya mji wa Mpanda, kama ilivyo katika vijiji vya Mwese, Majimoto na Karema, wembe ni bidhaa ambayo ni nadra kukosekana. Hupangwa karibu na kiberiti, betri na sabuni, na mnunuzi huuziwa hata mmoja peke yake.

Wembe huo mwembamba wenye makali pande mbili hufanya kazi nyingi kuliko alivyofikiria mtu aliyeubuni. Fundi cherehani huufumulia mishono, mwanafunzi huuchongea penseli, mama hukatia kucha za mtoto na kinyozi huchongea kingo za nywele.

Kinachokosekana mara nyingi ni kishikio chake. Wengi huushika wembe kwa vidole vitupu, ama huuvunja katikati na kuubana kwenye kijiti au kitana. Wengine hununua nyembe za plastiki za kutupa, ambazo baada ya kunyoa mara moja au mbili huwa zimekwisha makali.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya biashara ambayo fundi wa vyuma mkoani Katavi anaweza kuitazama: kutengeneza kishikio cha wembe cha chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wa mitaani hukiita stenlesi, kwa bei ambayo mkulima na kinyozi wa kawaida wataimudu.

Kwa kukitazama, kifaa hicho kinaonekana rahisi. Kina sehemu tatu tu: kipini cha kushikia, kibamba cha chini chenye ukingo unaozuia makali yasizame kwenye ngozi, na kifuniko cha juu kinachoupinda wembe kidogo na kuubana. Kipini kikikazwa kwa hesi, vyote vitatu hushikana.

Hata hivyo, ugumu haupo kwenye idadi ya vipande. Upo kwenye vipimo na kwenye saa za kazi, na ndiyo maana fundi anayetaka kuuza kwa bei nafuu anapaswa kuanza na kalamu kabla ya kuwasha mashine.

Ubunifu ulio huru kwa kila mtu

Kishikio cha aina hii kina historia ya zaidi ya miaka 100. Mmarekani King Camp Gillette alianzisha kampuni yake mwaka 1901, akisaidiwa na mhandisi William Nickerson ambaye ndiye aliyepata njia ya kunoa bati jembamba la chuma likawa wembe. Hataza yake ilitolewa Novemba 1904.

Mwanzo haukuwa wa kutia moyo. Mwaka 1903, ambao ndio mwaka wa kwanza wa mauzo, kampuni hiyo iliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Kishikio kimoja kiliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa wakati huo.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyokieneza, baada ya Serikali ya Marekani kuagiza vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake mwaka 1918. Lakini bei ilishuka hasa mwaka 1921, muda wa hataza ulipokwisha. Kampuni hiyo iliposikia hatua za washindani mlangoni, ilianza kuuza kishikio cha mtindo wa zamani kwa dola 1.

Fundo la historia hiyo kwa fundi wa leo ni kwamba umbo la msingi la kishikio hicho halina mwenyewe tena. Yeyote anaweza kulitengeneza bila kumlipa mtu, alimradi asitumie jina wala alama ya biashara ya kampuni nyingine, na asinakili muundo mpya ambao bado unalindwa na sheria.

Aidha, nyembe zenyewe zina kipimo kimoja karibu duniani kote. Ni takriban milimita 43 kwa urefu, milimita 22 kwa upana na milimita 0.1 kwa unene. Fundi hahitaji kutengeneza wembe, kazi ambayo haiwezekani katika karakana ndogo. Anatengeneza kile kinachoushika, na dukani nyembe zipo tayari.

Kwa nini stenlesi

Vishikio vingi vya bei ya chini vinavyoingizwa kutoka nje hutengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki na aluminiamu, kisha hupakwa ngozi nyembamba ya kromu inayong'aa. Vikiwa vipya hupendeza. Ngozi hiyo ikichubuka, maji na sabuni huingia na kuila zinki, na mara nyingi kifaa hukatikia shingoni, pale penye hesi.

Stenlesi haina ngozi ya kupakwa. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyeyusha chuma cha aina hiyo mwaka 1913, alikuta kwamba kromu ikichanganywa ndani ya chuma kwa kiasi cha kutosha, chuma hujitengenezea utando wa kujikinga. Utando huo ukikwaruzwa, hujirudi wenyewe kwa kugusana na hewa.

Aina inayopatikana kwa wingi madukani ni ile yenye namba 304, ambayo ina takriban asilimia 18 ya kromu na asilimia 8 ya nikeli. Ndiyo inayotumika kwenye reli za ngazi, masinki na vyombo vya maziwa. Aina ya 316 huongezewa molibdeni na huvumilia chumvi zaidi, lakini bei yake ni kubwa.

Mafundi wengi hupima kwa sumaku. Sumaku ikinasa kwa nguvu, mara nyingi chuma hicho si 304, bali ni aina yenye nikeli kidogo au isiyo nayo kabisa, inayowahi kuota madoa. Kipimo hicho husaidia lakini si cha mwisho, kwani hata 304 iliyopindwa au kugongwa huanza kunasa kidogo.

Manufaa makubwa ya stenlesi kwa familia na kwa kinyozi ni kwamba huchemshwa. Plastiki hupinda kwenye maji ya moto, na kifaa cha zinki kilichochubuka huharibika haraka zaidi. Kishikio cha stenlesi kilichooshwa vizuri kwa sabuni kinaweza kuchemshwa kwa dakika 20 kila siku, mwaka hadi mwaka, bila kubadilika.

Jambo hilo si dogo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipogundulika nchini, mkoani Kagera mwaka 1983, wananchi wamehimizwa kutochangia nyembe. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni sugu zaidi, kwani vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kila mtu na wembe wake mpya, na kishikio kikioshwa na kuchemshwa kabla ya kumgusa mtu mwingine. Kishikio kizuri hakiondoi ulazima wa kutupa wembe uliotumika. Kinachofanya ni kurahisisha jambo hilo, kwa sababu kinachotupwa ni kipande cha bei ndogo na kinachobaki ni chuma cha kudumu.

Kwa wanaume wenye ndevu za kujikunja kuna faida nyingine. Nyembe zenye makali mawili au matatu yaliyopangwa pamoja huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, nao ukiota hujichoma ndani na kuleta vipele. Makali mamoja, yakipitishwa taratibu kufuata mlalo wa ndevu, hupunguza tatizo hilo kwa watu wengi.

Saa za kazi ndizo zinazopandisha bei

Nje ya nchi, hasa Marekani na Canada, zipo karakana ndogo zinazotengeneza vishikio vya stenlesi kimoja kimoja kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Vingi huuzwa kwa zaidi ya dola 100. Anayedhani kwamba fedha hizo ni bei ya chuma amekosea, kwani chuma kinachotumika ni kidogo, hakifiki hata robo kilo.

Mnunuzi analipia muda. Stenlesi ni ngumu kuchonga kuliko chuma cha kawaida. Kifaa cha kukatia kikisugua badala ya kukata, uso wa chuma huzidi kuwa mgumu papo hapo, na kinachofuata ni kuvunjika kwa ncha za drili na vifaa vya kukatia hesi. Fundi hulazimika kwenda polepole, kukandamiza kwa uthabiti na kumwagia kipoozeo bila kukatiza.

Wapo waliotafuta njia ya mkato iliyo halali. Kampuni ya Rockwell ya Toronto, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuchangisha fedha kwenye intaneti, ilitumia njia ya kusindilia unga wa stenlesi kwenye kalibu, kisha kuuoka hadi ukashikamana. Vipande hutoka vikiwa na umbo karibu kamili, na kazi ya kuchonga hupungua.

Tanuri la namna hiyo halipo Mpanda, lakini somo lake linafaa: bei nafuu haipatikani kwa kuweka chuma duni, bali kwa kupunguza saa ambazo kila kipande hukaa mikononi mwa fundi.

Kwa karakana ya Mpanda, njia inayofaa zaidi ni kugandamiza bati. Kifuniko na kibamba cha chini vinaweza kukatwa kutoka bati la stenlesi la milimita 1.5 au 2, na kupindwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu kwa kutumia mashinikizo yanayoendeshwa na jeki ya lori. Kipini hukatwa kutoka kwenye nondo ya stenlesi na kupitishwa kwenye mashine ya kukereza.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano, ambao kila fundi ataubadilisha kwa bei za mahali alipo. Tuseme saa moja ya karakana, pamoja na umeme na ujira, inagharimu Sh5,000, na chuma cha kishikio kimoja kinagharimu Sh3,000.

Fundi akichonga kimoja kimoja kwa mkono na kutumia saa 5, gharama ni Sh28,000. Akiuza kwa Sh20,000 kwa sababu wateja wamelalamikia bei, amepoteza Sh8,000 kwa kila kimoja. Kadiri anavyouza zaidi ndivyo anavyozidi kufilisika.

Tuseme sasa anatengenezewa kalibu kwa Sh400,000, na muda unashuka hadi saa moja na nusu. Akitengeneza vishikio 50 tu kwa kalibu hiyo, kila kimoja kinabeba Sh8,000 za kalibu, Sh7,500 za kazi na Sh3,000 za chuma. Jumla ni Sh18,500, na faida kwa bei ya Sh20,000 ni Sh1,500.

Akifikisha vishikio 200, mzigo wa kalibu unashuka hadi Sh2,000 kwa kila kimoja na gharama inakuwa Sh12,500. Faida inafika Sh7,500 bila kupandisha bei hata senti.

Upande wa mnunuzi nako kuna hesabu. Mtu anayetumia wembe wa plastiki wa Sh500 kila wiki hutumia Sh26,000 kwa mwaka. Akitumia wembe wa kawaida wa Sh100 kwa wiki, hutumia Sh5,200. Anaokoa Sh400 kila wiki, hivyo kishikio cha Sh20,000 hujilipa katika wiki 50. Kikiuzwa kwa Sh30,000, atasubiri wiki 75, na wengi hawatasubiri.

Ndiyo maana bei ya mwisho ni lazima ipangwe kabla ya kuanza. Mkulima wa tumbaku au mahindi hupata fedha kwa msimu. Kifaa kinachoweza kununuliwa wakati wa mauzo ya mazao na kikajilipa kabla ya msimu mwingine kina nafasi. Kinachozidi hapo hubaki kuwa pambo la dukani.

Mahali pa kuanzia

Ukanda huu si mgeni katika kazi ya chuma. Katika nchi jirani ya Ufipa, mkoani Rukwa, wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu yaitwayo malungu, yenye kimo cha takriban mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma hicho kilisafishwa tena kwenye matanuru madogo kabla ya kufuliwa kuwa majembe na silaha. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20 kutokana na bidhaa za viwandani.

Mpanda yenyewe ilikua kutokana na madini. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki.

Kwa miaka mingi mji huo ulitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, hali iliyowafanya wenye karakana wasite kununua mashine kubwa. Barabara za lami za kwenda Tabora na Sumbawanga nazo zilichelewa. Leo chuma kinafika kwa urahisi kuliko zamani, lakini bidhaa za kutoka nje zinafika kwa urahisi uleule.

Katika mkoa huo, uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Rukwa, lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA mjini Mpanda. Kalibu, ambayo ndiyo sehemu inayohitaji usahihi mkubwa, inaweza kutengenezwa katika vituo vya teknolojia vya SIDO vya mikoa kama Mbeya au Kigoma, na uzalishaji ukabaki Mpanda.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vijana waliojiunga katika kikundi na wenye hesabu iliyoandikwa wana hoja ya kupeleka.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutumia diski na brashi zilezile zinazotumika kwenye chuma cha kawaida. Chembe za chuma hicho hujikita kwenye stenlesi na kuota kutu, na mteja hudhani ameuziwa chuma bandia. Diski, tupa na msasa wa stenlesi vitengwe.

Kosa la pili ni kuacha makali yakijitokeza zaidi upande mmoja. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo ni sawa na unene wa wembe wenyewe, inatosha kumkata mtu. Kila kishikio kiwekewe wembe, kikaguliwe kwa kuangaliwa kutoka mbele pande zote mbili na kupimwa kabla ya kutoka karakana. Kisicho sawa kisiuzwe.

Kosa la tatu ni kuacha kona na nyufa ambazo brashi haifiki. Uchafu unaonata kwenye mshono au kwenye hesi hauondolewi kwa kuchemsha peke yake. Umbo lisilo na mapambo ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kuosha.

Kosa la nne ni la mtumiaji, lakini fundi ndiye wa kumwelekeza. Dawa za kuondoa madoa zenye klorini, kama kishikio kikilowekwa humo usiku kucha, hula hata stenlesi na kuacha vidoa vya matundu. Kiasi kidogo kwa muda mfupi na kusuuza kwa maji safi kunatosha.

Ni vyema vishikio 10 vya kwanza visiuzwe kwa watu wa kawaida, bali viende kwa vinyozi wachache kwa makubaliano. Kinyozi anayenyoa wateja wengi kwa siku atakitumia kifaa ndani ya miezi 3 kuliko mtu wa nyumbani kwa miaka kadhaa. Hesi ikilegea, yeye ndiye atakayejua kwanza.

Kinyozi pia ni mnunuzi wa zaidi ya kimoja. Anahitaji vishikio 3 au 4, ili kimoja kikiwa kazini vingine viwe vinaoshwa na kuchemshwa. Na kiti chake ndicho tangazo: mteja akikiona kifaa kikitoka kwenye maji ya moto na wembe mpya ukifunguliwa mbele yake, atauliza kimetengenezwa wapi.

Soko la mji mmoja halitoshi kufikisha vishikio 200 kwa haraka. Lakini ipo minada ya Mpimbwe na Mlele, upo mji wa Sumbawanga kwa upande wa kusini, na ipo bandari ya Karema katika Ziwa Tanganyika, ambako ng'ambo ya maji ni Kalemie na Moba nchini Kongo. Huko nako watu wananyoa kila wiki.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mafundi wa majembe walinyolewa na bidhaa za viwandani, na wauza vishikio vya zinki wapo tayari na wembe wao. Fundi wa Mpanda anayetaka kubaki sokoni atie maji mapema: apange bei, apate kalibu, na asiuze kishikio ambacho yeye mwenyewe hawezi kukipitisha kwenye shavu lake.